Bodi moja, michoro minne: mafundi wanavyochangia gharama za kiwandani

Mkulima wa Lushoto mwenye matenga sita ya nyanya hakodi Fuso peke yake kwenda Dar es Salaam. Anaungana na wenzake, wanajaza gari moja, na kila mmoja analipa sehemu yake. Mafundi wanaobuni vifaa vya elektroniki nao wana njia kama hiyo. Kwa fundi mwenye mtaji mdogo, ndiyo inayoamua kama kifaa chake kitatoka kwenye karatasi au la.

Bodi ni nini?

Ukifungua redio au taa ya sola utakuta kibao chembamba, mara nyingi cha kijani, kilichoshikilia vipuri. Hiyo ndiyo bodi. Imetengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi ngumu, na ina njia nyembamba za shaba zinazopitisha umeme badala ya nyaya.

Gharama iko wapi?

Kabla ya kutengeneza bodi, kiwanda hukagua mchoro, huandaa picha ya njia za shaba na kupanga mashine ya kutoboa matundu. Kazi hiyo ni ileile, uagize bodi 5 au 500. Anayeagiza 500 anaigawa gharama hiyo kwa bodi nyingi; anayeagiza 5 anaibeba yote.

Viwanda vingi vya China, ambako mafundi wengi wa Afrika Mashariki huagiza, vina bei nafuu kwa bodi isiyozidi sentimita 10 kwa 10. Hapo inaingia michoro minne ya sentimita 5 kwa 5: tuseme wa kipima unyevu wa udongo, wa kidhibiti joto cha mashine ya kutotoleshea vifaranga, wa chaja ya sola na wa taa.

Tuchukue mfano tu: oda moja pamoja na usafiri iwe shilingi 60,000. Oda nne ni 240,000. Oda ya pamoja, hata kiwanda kikiongeza 30,000 kwa kuwa michoro ni tofauti, ni 90,000. Kila fundi analipa 22,500.

Zinatenganishwaje?

Kiwanda hukata mfereji juu na chini ya bodi, ikabaki kama theluthi moja ya unene. Ukiikunja, inakatika. Ni salama zaidi kuikata kabla ya kuchomelea vipuri, maana mkunjo unaweza kuvipasua.

Mkubaliane kwanza

- Unene, rangi na idadi ya tabaka za shaba lazima viwe sawa kwa wote.
- Bodi kubwa 10 hutoa bodi ndogo 10 za kila mchoro. Anayehitaji 3 tu atabaki na 7.
- Kagueni michoro pamoja. Kosa la mmoja linaweza kusimamisha oda nzima.
- Kiambieni kiwanda mapema kwamba michoro ni minne.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1979 nchini Marekani, mhandisi Lynn Conway aliongoza mradi uliokusanya michoro 82 ya chipu kutoka vyuo vikuu 12, ikatengenezwa kwa pamoja. Wanafunzi ambao wasingemudu gharama za kiwanda wakapata chipu zao mkononi.

Kijana wa Soni au Mlalo mwenye mchoro wake na aanze kwa kutafuta wenzake watatu. Ofisi ya SIDO mkoa wa Tanga, inayohudumia viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuulizia.