Kamera ya Kupanda Nayo Mlimani

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya kamera: namna ya kuichagua ile imfaayo mtu apandaye milima kwa miguu yake. Huenda baadhi yenu wakacheka na kusema, "Ninyi watu wa Buguruni, ambao kilima chenu kirefu kuliko vyote ni daraja la Mfugale pale Tazara, mwajua nini juu ya milima?" Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba tulikwenda, tukakosea, tukarudi na funzo. Na funzo lililonunuliwa kwa fedha si vema kulifungia sandukuni.

Safari yetu ilianza kwa swali la mtoto. Mwanachuo wetu mmoja alikuwa katika mazoezi ya kufundisha jiografia katika darasa moja la Buguruni. Akawaonyesha watoto picha ya Kibo iliyomo kitabuni, kilele cheupe kama kofia iliyofuliwa. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, barafu hiyo ingaliko?" Mwanachuo hakuwa na jibu, wala sisi walimu wake hatukuwa na jibu la kuona kwa macho. Tulijua kwa kusoma tu kwamba mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walipiga picha za mlima ule, na kwa picha hizo ikachorwa ramani. Wataalamu wa baadaye walipoilinganisha na hali waliyoikuta, waliona kwamba barafu iliyoenea kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 ilikuwa imebaki chini ya 2 mwaka 2007. Kama watu wale wasingalibeba kamera, leo ingalikuwa vigumu kujua ni kiasi gani kilichopotea. Basi tukaazimia, walimu wanne, kwenda kupiga picha yetu wenyewe, yenye tarehe yake, tuibandike ukutani mwa darasa lile. Tulichanga fedha kwa miaka miwili, na mwezi wa Septemba mwaka 2023 tukaifuata njia ya Marangu.

Tulikuwa na kamera mbili, mbali na simu zetu. Mwenzetu mmoja aliazima kamera kubwa ya mpiga picha za harusi; pamoja na lenzi zake mbili na kile kisimamio cha miguu mitatu, ilipata kilo 4. Mwingine alikuwa na kamera ndogo iingiayo mfukoni, uzito wake gramu 300. Tuliicheka sana ile ndogo. Siku ya kwanza kamera kubwa ilikwenda shingoni mwa mwenyewe. Siku ya pili, tulipotoka Mandara, shingo ilikuwa imechoka, naye akaitia katika mfuko wa mpagazi. Lakini wapagazi wa Kilimanjaro, ambao hujiita wagumu, hawaendi kwa mwendo wa pole pole kama wageni. Hututangulia ili tukute kambi iko tayari. Alasiri, tukiwa kati ya Mandara, mita 2,720, na Horombo, mita 3,720, mawingu yakafunguka na Mawenzi ikaonekana yote, jabali kwa jabali, kwa muda wa dakika tano hivi. Kamera kubwa ilikuwa mbele yetu mwendo wa saa nzima, juu ya kichwa cha mtu mwingine. Ile ndogo ikatoka mfukoni, ikafanya kazi.

Usiku ule pale Horombo tuliikumbuka methali ya wazee: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kanuni za mlimani humwekea mpagazi kikomo cha kilo 20, na kila kilo tunayoiongeza kwa kupenda makuu hupandishwa na shingo ya mtu. Kariakoo, tulikonunulia soksi na tochi zetu, jina lake latokana na kikosi cha wapagazi waliolitumikia jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na wengi wao hawakurudi makwao. Yatupasa sisi wakazi wa jirani kuipima mizigo kwa heshima.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: kamera ya mlimani ni ile uwezayo kuichukua mwenyewe, kifuani pako, toka langoni hata kileleni.

Mtauliza, je, ndogo zote ni sawa? La. Ndani ya kila kamera ya siku hizi, mahali palipokaa filamu zamani, kuna kipande kinachopokea nuru, kiitwacho kihisi. Katika simu kipande hicho ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Katika kamera kubwa za kazi ni milimita 36 kwa 24. Kadiri kilivyo kipana ndivyo kikusanyavyo nuru nyingi, na picha ya alfajiri huwa safi, haina chengachenga. Lakini kihisi kipana hudai lenzi kubwa, na lenzi ndiyo yenye uzito. Kwa hiyo yafaa kwanza kujiuliza picha ni ya nini. Kama ni ya kuwaonyesha jamaa nyumbani, simu njema yatosha, nawe tayari unayo. Kama ni ya kuchapishwa kwa ukubwa wa kuonwa na darasa zima, tafuta kamera ya kadiri, yenye kihisi cha milimita 23 kwa 15 hivi, na lenzi moja tu iwezayo kutazama upana wa bonde na pia kuvuta kilele karibu, vyote pamoja visizidi kilo moja. Twasema lenzi moja kwa sababu kati ya Horombo na Kibo kuna uwanda mkavu wenye upepo na vumbi jembamba. Atakayefungua kamera kubadili lenzi mahali pale atakuwa amelikaribisha vumbi ndani.

Jambo la pili ni baridi. Safari ya kileleni huanza karibu na saa sita ya usiku, na baridi huweza kushuka nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri. Betri hutoa umeme kwa nguvu ya kemikali iliyomo ndani, na baridi huipunguza mwendo kemikali ile. Simu ya mwenzetu ilionyesha kwamba nusu ya umeme ingalimo, mara ikazima kabisa. Haikuharibika, ilipopata joto iliwaka tena. Kwa hiyo chagua kamera ambayo betri yake hutoka, uwe na mbili, na ile ya akiba ilale ndani ya shati, karibu na ngozi. Tena ukiwa dukani vaa glavu nene ujaribu vitufe vyake. Kioo cha kugusa peke yake hakimtii mtu mwenye glavu, na kuzivua kule ni adhabu.

Jambo la tatu ni unyevu. Chupa ya soda ikitolewa kwenye friji hapa Buguruni hutoka jasho mara moja. Kamera nayo hufanya vivyo hivyo itokapo kwenye baridi na kuingia katika chumba chenye joto na pumzi za watu. Kabla ya kuingia, itie katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uiache ipate joto polepole. Jasho litakaa juu ya mfuko.

Jambo la nne latokana na weupe wenyewe. Tulipofika Gilman's Point, mita 5,685, jua likichomoza nyuma ya Mawenzi, picha zetu tatu za kwanza zilitoa barafu ya rangi ya majivu. Kiongozi wetu, kijana wa Marangu, akatwambia, "Walimu, ongezeni nuru." Kamera hudhani kwamba kila kitu duniani kina weupe wa kadiri, basi ikiona weupe mwingi huutia giza. Hivyo chagua kamera yenye kitufe cha kuongeza nuru kwa hatua moja au mbili, na ujifunze kukitumia kabla ya safari.

Sasa kuhusu ununuzi. Ukienda Kariakoo kutafuta kamera iliyokwisha kutumika, usitazame ung'aavyo mwili wake. Imulike lenzi kwa tochi upande mmoja, uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo hupenda hewa yetu ya pwani. Iache. Na ukipata iliyo safi, ihifadhi katika chombo kinachofunga sawasawa, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vikaavyo katika masanduku ya viatu.

Kamera kubwa haikufika kileleni; mwenyewe aliiacha katika kibanda cha Kibo, maana usiku ule kila mtu alijichukulia mzigo wake. Picha iliyoko leo ukutani mwa darasa la Buguruni ilipigwa na ile ya gramu 300 tuliyoicheka. Chini yake tuliandika mahali, siku, mwezi na mwaka. Tulipoibandika, yule mtoto aliisogelea, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akakifungua kitabu na kuziweka picha mbili pamoja. Akasema, "Ingaliko, mwalimu. Lakini mbona ni kidogo?"

Swali hilo la pili tunalifundisha sasa, nalo lina vipindi vingi. Na wale watakaopanda, wapande salama.