Jiko la Makaa na Mlango Wake

Mtu apitaye jioni katika mwalo wa Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, au katika mitaa ya Ujiji, huona majiko madogo ya makaa mbele ya nyumba na kando ya vibanda vya wauza samaki. Juu ya majiko hayo migebuka huchomwa, maji ya chai huchemshwa, na ugali wa muhogo husongwa. Watu wa pwani ya bahari waliliita jiko hili seredani. Wengi siku hizi huliita jiko la makaa tu. Ni chombo kidogo, tena chachukulika kwa mkono mmoja. Walakini linataka akili. Anayelijua hupika vizuri kwa makaa machache. Asiyelijua huunguza samaki, hupoteza fedha, na pengine hupoteza roho yake na roho za watu wa nyumbani mwake.

Tangu zamani chungu kiliinjikwa juu ya mafiga matatu, na wahenga walisema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Mafiga yana faida kubwa, kwa kuwa hayanunuliwi. Lakini yana hasara mbili: hayafai kwa mtu aliye safarini, na moto wake huwa wazi kwa kila upepo. Upepo wa ziwani ukivuma, ndimi za moto hulala upande, na joto jingi hupotea bila kukigusa chungu. Jiko la makaa ni kama mafiga yaliyozungushiwa ukuta. Ukuta huuzuia upepo usiotakiwa, na mlango mdogo ulio chini huiingiza hewa inayotakiwa.

Jinsi jiko linavyofanyizwa

Mafundi wengi hutumia bati la pipa au debe lililokwisha kazi. Vyombo vyao ni vichache: mkasi wa bati, tindo, nyundo, na chuma kizito cha kufulia. Kwanza fundi hulikata bati, hulikunja liwe mviringo, na kuziunga ncha zake kwa ribiti. Jiko la kuitosha nyumba moja huwa na upana wa shibiri moja na zaidi kidogo mdomoni. Katikati ya kimo chake fundi hutia bati lenye matundu mengi, na juu ya bati hilo ndipo makaa yakaapo. Matundu yakiwa makubwa, makaa madogo huanguka kabla ya kuungua. Yakiwa madogo mno, majivu huyaziba. Chini ya bati hilo hukata mlango uwezao kufunguliwa na kufungwa. Mdomoni hutia vishikizo vitatu vya kuchukua sufuria, ili sufuria isiuzibe mdomo wa jiko. Maana hewa ya moto isipopata njia ya kutoka juu, hewa mpya haiwezi kuingia chini. Mwisho hutia miguu mitatu na mikono miwili.

Fundi mwema huuliza kwanza pipa lilichukua kitu gani. Pipa lililochukua dawa ya kuua wadudu halifai hata kidogo. Kadhalika bati lililopakwa zinki, kama lile la kuezekea nyumba, likipata joto kali hutoa moshi wenye kudhuru. Kwa hiyo halifai kuwekewa makaa, wala waya wake haufai kuchomea chakula.

Bati peke yake hupoteza joto pande zote. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1980, jiko la bati lenye kikombe cha udongo uliochomwa lilianza kuenea Kenya, na mfano wake ulitokana na jiko la ndoo la Thailand. Baadaye jiko la namna hiyo lilienea Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika. Udongo haupitishi joto upesi kama bati; basi joto hubaki penye makaa na penye sufuria, na makaa machache hufanya kazi ya makaa mengi. Lakini jiko hili lataka kutunzwa: likimwagiwa maji lingali na moto, udongo wake hupasuka.

Vyombo vya kuandamana na jiko ni hivi: koleo la kushikia makaa, upepeo wa ukili, wavu wa waya wa kuchomea samaki, na kopo lenye kifuniko la kuzimia makaa. Mwenye kupika chomboni ziwani huliweka jiko juu ya sanduku lililojaa mchanga, ili mbao zisiungue.

Kazi ya hewa

Moto hula vitu viwili, makaa na hewa. Katika kila sehemu 100 za hewa, kama sehemu 21 ni oksijeni, nayo ndiyo iwezeshayo kitu kuungua. Mlango wa jiko ukiwa wazi, hewa ya moto hupanda juu na hewa baridi huingia chini kushika mahali pake. Makaa huwa mekundu, na joto huzidi. Mlango ukifungwa nusu, hewa huingia kidogo, na makaa huliwa polepole. Basi mpishi hodari halitawali jiko lake kwa kuongeza makaa kila mara, bali kwa mlango. Maji ya chai yataka mlango wazi. Maharage yakiisha kuchemka yataka mlango uliofungwa nusu. Upepo ukiwa mkali, mlango hugeuzwa upande usio na upepo. Kama sivyo, upepo huingia ndani kwa nguvu na kuyala makaa yote kabla chakula hakijaiva.

Kumchoma mgebuka

Jiko huwashwa nje. Makapi makavu ya chikichi, yanayobaki baada ya mawese kukamuliwa, huwasha moto vizuri. Magunzi ya mahindi pia yafaa. Mafuta ya taa hayafai, kwa kuwa harufu yake humwingia samaki. Makaa hukusanywa pamoja, maana kaa moja lililotengwa hufa upesi, bali yakiwa pamoja hutiana joto.

Wakati moto unaposhika, mgebuka huparwa magamba, hutumbuliwa, huoshwa, na kukatwa chale mbavuni, ili joto lifike ndani. Kisha hutiwa chumvi na ndimu, na kupakwa mawese kidogo. Haifai kumweka motoni upesi. Hapana budi kungoja mpaka makaa yafunikwe na majivu meupe membamba. Ndipo mpishi huuweka mkono wake juu ya wavu, umbali wa shibiri moja, na kuhesabu polepole. Akiweza kufika nne kabla ya kuuondoa mkono, moto wafaa. Akishindwa kufika mbili, moto ni mkali. Naye huufunga mlango kidogo, akangoja.

Wavu hutiwa moto kwanza na kupakwa mafuta, kwa sababu nyama ya samaki hung'ang'ania chuma kilicho baridi. Samaki akiisha kuwekwa, huachwa atulie. Anayemgeuza kila mara humvunja. Nyama ikiachana na wavu yenyewe, ndio wakati wa kumgeuza. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, samaki husogezwa kando na mlango hufungwa. Maji hayamwagwi, kwa kuwa hurusha majivu juu ya chakula na kulipasua jiko. Samaki ameiva nyama yake inapokuwa nyeupe mpaka kwenye mfupa. Dagaa ni wadogo mno kwa wavu. Hao hukaushwa juani, kisha hukaangwa kwa mawese au hupikwa mchuzi.

Adui asiyeonekana

Wakati wa usiku, jikoni huonekana ndimi ndogo za rangi ya samawati zikicheza juu ya makaa. Watu wengi hawajui maana yake. Hewa inayopita katikati ya makaa mengi yenye moto hugeuka kuwa hewa nyingine, iitwayo kaboni monoksaidi. Ikifika juu na kukutana na hewa safi, sehemu yake huungua, na huko kuungua ndiko kunakotoa ndimi zile. Sehemu isiyoungua hutoka na kuenea. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho.

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Moshi wa kuni humfukuza mtu kwa kumliza machozi na kumkohoza. Makaa mekundu hayamwonyi mtu. Basi katika majira ya mvua, usiku ukiwa na baridi, mtu huliingiza jiko chumbani, hufunga mlango na madirisha, akalala akisema, "Moto huu hauna moshi." Kumbe hewa ile humwingia mapafuni, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu ikishikwa hivyo haiwezi kuuchukulia mwili oksijeni ya kutosha. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu huja, miguu hulegea. Na aliyelala huenda asiamke tena.

Kwa hiyo jiko lenye makaa ya moto halilali na watu, hata kama makaa yamefunikwa na majivu. Anayeumwa kichwa karibu na jiko atoke nje mara moja. Akionekana mtu ameanguka, milango na madirisha yafunguliwe, achukuliwe mpaka penye hewa safi, kisha apelekwe hospitali, hata akionekana amepata nafuu.

Makaa, miti na ziwa

Chakula kikiisha kuiva, makaa yaliyobaki hutiwa katika kopo na kufunikwa nje. Kwa kukosa hewa huzimika, na kesho hutumika tena. Jambo hili si dogo. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 1 ya makaa hupatikana kwa kuchoma kama kilo 5 hadi 10 za kuni. Anayeacha makaa yateketee bure ameteketeza mzigo mkubwa wa miti asioiona.

Matokeo yake yaonekana kaskazini ya Kigoma. Huko iko Gombe, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Ndani ya hifadhi msitu ulisalia, lakini nje yake vilima vingi vilipoteza miti kwa ajili ya mashamba, kuni na makaa. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha kazi iitwayo TACARE, ya kupanda miti na kuwafundisha watu wa vijiji vya jirani. Kilima kisicho na miti hakiushiki udongo. Mvua huuteremsha mpaka ziwani, nao huyafunika mawe ya ufukoni ambako samaki wadogo hula na kutaga mayai. Hivyo makaa yanayopotezwa jikoni yaweza kumdhuru samaki angali majini.

Basi mlango wa jiko una kazi tatu. Ukitumiwa vema, huivisha chakula bila kukiunguza, huokoa fedha, na huhifadhi miti. Lakini uko mlango mwingine mkubwa kuliko huo, nao ni mlango wa nyumba. Penye makaa ya moto, huo usifungwe kamwe.

Maswali

1. Kwa nini sufuria haifai kuuziba mdomo wa jiko?
2. Mpishi hujuaje kwamba moto wafaa kuchomea samaki?
3. Ndimi za rangi ya samawati zatokana na nini?
4. Eleza jinsi makaa yanavyoweza kuwadhuru samaki wa ziwani.