Mfalme Yupo, Lakini Nani Anaongoza? Rekodi za Nchi Zenye Mfalme na Bunge

Watoto wakisikia habari za Uingereza au Japani huuliza swali moja: kama nchi ina mfalme, waziri mkuu ni wa kazi gani? Na kama waziri mkuu ndiye anayeendesha serikali, mfalme anafanya nini? Swali hili ni zuri na linastahili jibu kamili.

Katika nchi hizi wananchi hupiga kura kuchagua wabunge. Chama chenye wabunge wengi, au vyama kadhaa vilivyoungana, ndicho kinachotoa waziri mkuu. Waziri mkuu huunda serikali: huteua mawaziri, hupanga bajeti, hupeleka miswada bungeni. Bunge nalo humhoji, na likikosa imani naye linaweza kumwondoa kwa kura. Mfalme au malkia ni Mkuu wa Nchi. Kwa kawaida sheria hutoka kwa jina lake, mabalozi hujitambulisha kwake, lakini maamuzi si yake. Mfikirie mgeni rasmi kwenye fainali ya mpira: wote husimama anapoingia, huwapa wachezaji mkono, hukabidhi kombe, ila hapangi kikosi wala hapigi penalti.

Mfumo huu una karne kadhaa sasa, na rekodi zake ni nyingi. Hizi hapa ni zile zinazoonyesha vizuri zaidi jinsi unavyofanya kazi.

Aliyekaa muda mrefu kuliko wote

Rekodi hii ilianzia Kenya. Mapema Februari 1952, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, akiwa na miaka 25, alikuwa karibu na Nyeri pamoja na mumewe Philip. Walilala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, wakiwatazama wanyama waliokuja kunywa maji. Kabla hakujapambazuka, huko Uingereza, baba yake Mfalme George VI alifariki dunia usingizini. Habari zilimfikia Elizabeth siku hiyohiyo, tarehe 6, akiwa ameshateremka na kurudi kwenye nyumba waliyofikia huko Sagana. Hakuna aliyepiga kura. Kiti cha mfalme hurithiwa, na mrithi huwa mfalme au malkia pale pale mwenye kiti anapofariki.

Alikaa miaka 70 na siku 214, hadi tarehe 8 Septemba 2022. Katika muda huo Uingereza ilikuwa na mawaziri wakuu 15. Wa kwanza, Winston Churchill, alizaliwa mwaka 1874. Wa mwisho, Liz Truss, alizaliwa mwaka 1975. Kila waziri mkuu alikuwa na miadi ya kukutana na Malkia faraghani kuzungumza naye mambo ya nchi. Malkia aliweza kuuliza, kushauri, hata kuonya. Kuamuru, hapana.

Yuko mfalme aliyekaa zaidi yake: Louis XIV wa Ufaransa, miaka 72, kuanzia 1643 hadi 1715. Lakini yeye alitawala mwenyewe, na katika maisha yake yote ya ufalme lile baraza kubwa la wawakilishi wa Ufaransa halikuitishwa hata mara moja. Mwaka 1793 mfalme mwingine wa ukoo wake, Louis XVI, alikatwa kichwa hadharani. Mfalme anayeamua kila kitu hulaumiwa kwa kila kitu, na naamini hii ni mojawapo ya sababu zilizofanya wafalme wasioamua kitu wadumu hadi leo.

Siku 49

Hiyo ndiyo rekodi ya Liz Truss, waziri mkuu aliyekaa muda mfupi kuliko wote Uingereza. Malkia Elizabeth alimteua tarehe 6 Septemba 2022 na akafariki siku mbili baadaye. Mpango wa serikali mpya wa kupunguza kodi uliyumbisha soko la fedha, wabunge wa chama chake mwenyewe wakapoteza imani naye, na tarehe 25 Oktoba akaondoka. Kabla yake rekodi ilikuwa ya George Canning, aliyefariki akiwa madarakani mwaka 1827 baada ya siku 119. Aliyekaa muda mrefu zaidi ni Robert Walpole, karibu miaka 21 hadi 1742, ambaye ndiye anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza. Mdogo kuliko wote ni William Pitt, aliyepewa kazi hiyo mwaka 1783 akiwa na miaka 24.

Kwa hiyo katika mwaka 2022 Waingereza walikuwa na wakuu wa nchi wawili na mawaziri wakuu watatu. Hakuna risasi iliyolia. Shule zilifunguliwa, mishahara ililipwa. Anapoondoka kiongozi wa serikali, nchi inabaki na mkuu wake. Anapofariki mkuu wa nchi, serikali inaendelea na kazi. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo nguvu ya kuzitenganisha kazi hizi mbili.

Mlango ambao hakuna mfalme aliyeupita wakati wa kikao tangu 1642

Tarehe 4 Januari 1642, Mfalme Charles I wa Uingereza aliingia na askari katika ukumbi wa wabunge waliochaguliwa, akitaka kuwakamata wabunge watano waliompinga. Alikuta wameshakimbia. Akamgeukia Spika, William Lenthall, akamuuliza wako wapi. Spika alipiga magoti mbele ya mfalme wake, lakini akajibu kwamba mahali hapo macho yake na ulimi wake vinafuata amri ya wabunge tu. Mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza kati ya upande wa Mfalme na upande wa Bunge. Mfalme alishindwa, na mwaka 1649 akauawa kwa hukumu.

Tangu siku ile hakuna mfalme wala malkia aliyeingia katika kikao cha ukumbi huo. Mfalme anapokuja kufungua Bunge, hukaa katika ukumbi mwingine, ule wa Malodi (wajumbe wasiochaguliwa na wananchi), kisha humtuma ofisa mwenye fimbo nyeusi akawaite wabunge. Ofisa akikaribia, mlango hufungwa kwa kishindo mbele ya uso wake. Hugonga mara tatu kwa fimbo yake, ndipo hufunguliwa. Wakati huo mbunge mmoja huwa amebaki kwenye kasri la Mfalme kama dhamana, hadi Mfalme arudi salama. Siku hizi ni desturi tu, lakini kila inapofanyika inawakumbusha wote mwenye nyumba ni nani.

Wabunge wakishafika, Mfalme husoma hotuba ya mipango ya serikali. Hakuiandika yeye. Imeandikwa na mawaziri, naye huisoma kama ilivyo, aipende asiipende. Tarehe 7 Novemba 2023 Mfalme Charles III alisoma mipango ya serikali ya Rishi Sunak wa chama cha Conservative. Wananchi wakapiga kura, na tarehe 17 Julai 2024 mfalme yuleyule, kwenye kiti kilekile, akasoma mipango ya Keir Starmer wa chama cha Labour, kilichokuwa katika upinzani wakati wa ile ya kwanza.

Kalamu iliyogoma

Mswada ukishapita bungeni hupelekwa kwa mfalme apate kuuridhia, ndipo uwe sheria. Je, anaweza kukataa? Uingereza mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1708, Malkia Anne alipoukataa mswada kuhusu jeshi la mgambo la Uskoti, na hata yeye alifuata ushauri wa mawaziri wake.

Ubelgiji waligundua njia ya ajabu zaidi. Mwaka 1990 Bunge lilipitisha sheria ambayo Mfalme Baudouin, Mkatoliki mwenye msimamo, alisema dhamiri yake haimruhusu kuitia saini. Kumlazimisha haikuwezekana, na kuitupa sheria iliyopitishwa na wawakilishi wa wananchi ingekuwa makosa makubwa zaidi. Tarehe 4 Aprili mawaziri wakatangaza kwamba Mfalme hawezi kutawala kwa muda, wakaitia saini sheria wenyewe, na siku iliyofuata Bunge likapiga kura kumrudishia Mfalme madaraka yake. Sioni likizo nyingine ya mfalme fupi kuliko hiyo. Luxembourg nao walipambana na jambo kama hilo mwaka 2008, wakalimaliza kwa kubadili katiba: mtawala wao hatakiwi tena kuridhia sheria, kazi yake ni kuitangaza tu.

Mfalme mwenye madaraka machache kuliko wote yuko Sweden au Japani, wasomi hubishana. Kwa katiba ya Sweden ya mwaka 1974, mfalme hatii saini sheria wala hamteui waziri mkuu. Kazi ya kupendekeza waziri mkuu ni ya Spika, na Bunge hupiga kura. Lakini Carl XVI Gustaf yuko kwenye kiti tangu 1973 na hakuna mfalme wa Sweden aliyewahi kukaa muda mrefu kama yeye. Japani ina ukoo wa kifalme mkongwe kuliko wote duniani unaoendelea hadi leo, na kwa hesabu ya jadi Mfalme Naruhito ni wa 126. Katiba yao iliyoanza kutumika 1947 inamweka kama alama ya taifa, bila mamlaka yoyote ya kuendesha serikali.

Mfalme aliyetaka kupigiwa kura

Kati ya wote hawa, ninayempenda zaidi ni huyu. Mwaka 1905 Norway ilijitenga na Sweden na ikahitaji mfalme wake yenyewe. Viongozi walimfuata Carl, mjukuu wa mfalme wa Denmark, wakampa kiti. Akawaambia: kwanza waulizeni wananchi. Tarehe 12 na 13 Novemba wakapiga kura, na karibu wanne katika kila watano wakamkubali. (Ni wanaume tu waliopiga, wanawake wa Norway walisubiri hadi 1913 kupata haki hiyo kamili.) Carl akachukua jina la Haakon VII, na mwanawe wa miaka miwili, Alexander, akaitwa Olav.

Miaka 35 baadaye Ujerumani iliivamia Norway. Wajerumani walimtaka Haakon amteue Vidkun Quisling, kibaraka wao, kuwa waziri mkuu. Mfalme hakujifanya mwenye serikali. Aliwaambia mawaziri wake kwamba uamuzi ni wao, ila yeye hawezi kumteua mtu asiyekubalika kwa wananchi wala Bunge; wakiona ni lazima, ataachia kiti. Mawaziri wakasimama naye, na jibu kwa Wajerumani likawa hapana. Alirudi nyumbani kutoka uhamishoni mwaka 1945 akapokewa na umati, na akabaki mfalme hadi alipofariki 1957.

Kwa zamu, kwa ukubwa, kwa kusubiri

Malaysia ina watawala tisa wa majimbo. Kila baada ya miaka mitano hukutana kuchagua mmoja wao awe mfalme wa nchi nzima, na kiti huzunguka kwa zamu tangu 1957. Sultani Ibrahim wa Johor, aliyeanza Januari 2024, ni wa 17.

Ubelgiji, ile ile ya Mfalme Baudouin, ilikaa siku 541 baada ya uchaguzi wa Juni 2010 bila serikali mpya, kwa sababu vyama havikukubaliana. Serikali ya zamani iliendelea na kazi za kila siku, lakini haikuweza kuanzisha mambo makubwa.

Charles III ni mfalme wa nchi 15 kwa wakati mmoja, kuanzia Canada yenye eneo kubwa hadi Tuvalu, visiwa vya kilomita za mraba 26 katika Bahari ya Pasifiki. Hawezi kukaa kote huko, kwa hiyo nchi hizo nyingine kila moja ina Gavana Mkuu anayemwakilisha.

Kwetu

Lesotho, iliyopata uhuru 1966, ndiyo nchi ya Afrika ambayo mfalme wake anafuata mfumo huu sawasawa: Mfalme Letsie III ni Mkuu wa Nchi, waziri mkuu anaongoza serikali. Letsie ana rekodi ya kipekee. Alikalia kiti mwaka 1990 baba yake Moshoeshoe II alipoondolewa na wanajeshi, akakirudisha kwa baba yake 1995, na akakirithi tena mwaka uliofuata baba yake alipofariki katika ajali ya gari.

Tanganyika nayo ilikuwa na malkia. Tangu tarehe 9 Desemba 1961 Mkuu wa Nchi alikuwa Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull, na serikali ikaongozwa na Waziri Mkuu Julius Nyerere, kisha Rashidi Kawawa. Tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa jamhuri: mwaka mmoja kamili. Kenya nayo ilikaa mwaka mmoja kamili chini ya Malkia, kuanzia tarehe 12 Desemba 1963.

Rekodi ya muda mfupi ni ya Zanzibar. Ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Sultani Jamshid bin Abdullah akiwa Mkuu wa Nchi na Muhammad Shamte akiwa Waziri Mkuu. Katika uchaguzi wa Julai mwaka ule, chama cha ASP kilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa hiyo vyama vya ZNP na ZPPP ndivyo vilivyounda serikali. Wengi waliona kura zao hazikuhesabiwa kwa haki, na hasira hiyo iliongezeka juu ya malalamiko ya zamani. Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Siku 33.

Ukipata nafasi ya kutembelea Bunge la Dodoma, tazama jinsi siwa inavyobebwa mbele ya Spika kabla ya kikao. Desturi hiyo ilitoka katika Bunge la Uingereza na ilibaki hata baada ya Malkia kuondoka. Na kama nyumbani kuna bibi au babu aliyekuwa na akili zake mwaka 1962, muulize anakumbuka nini kuhusu mwaka ule mmoja wa Malkia wa Tanganyika. Andika majibu yake kwenye daftari, maana wanaoweza kukujibu wanapungua kila mwaka.