Operesheni Moja, Wizara Nne

Jahazi likitia nanga Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo, nahodha anaweza kuulizwa maswali na polisi, uhamiaji na forodha. Wawili wa kwanza ni wa Wizara ya Mambo ya Ndani, wa tatu ni wa Fedha. Huko kaskazini Saadani, hifadhi inapokutana na bahari, mwenye bunduki ni askari wa Maliasili. Kwa mvuvi wote hao ni serikali. Bungeni wako chini ya kamati tofauti.

Mgawanyo huo ulipimwa mwaka 2013. Operesheni Tokomeza, iliyoanza Oktoba kuwasaka majangili wa tembo, iliwachanganya wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Muda si muda vilio vya mateso, vifo na mifugo iliyochukuliwa vikafika Dodoma, na operesheni ikasitishwa. Bunge likawatuma wachunguzi. Hawakutoka kamati ya ulinzi na usalama, bali Kamati ya Ardhi, Maliasili na Mazingira chini ya James Lembeli. Walikwenda kwa wananchi, wakawasikiliza, na Desemba 20 ripoti ikasomwa. Siku hiyohiyo mawaziri wanne waliondoka: Khamis Kagasheki wa Maliasili, Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na Mathayo David wa Mifugo. Rais aliyetengua uteuzi, Jakaya Kikwete, alikuwa mwanajeshi mstaafu na mbunge wa zamani wa Bagamoyo.

Kamati ile ilifuata nyayo za tukio bila kujali mpaka wa wizara. Hapo ndipo ilipopata nguvu. Lakini ilifika watu wakiwa wameshaumia.

Kwa Idara ya Usalama wa Taifa, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1996, kazi ya kuisimamia ni ngumu zaidi, maana shughuli zake hazionekani hata zikikosewa. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2012, iliipa kamati ya bunge jukumu la kuisimamia idara ya ujasusi, ikaongeza bodi ya malalamiko. Hata hivyo, baada ya shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, kamati mbili ziliungana kuchunguza, na Machi 2014 Bunge likaikataa ripoti yao.

Tanzania inahitaji kamati ndogo ya kudumu inayovuka wizara: wajumbe walioapa kutunza siri, wataalamu wake yenyewe, na ruhusa ya kuona bajeti na mipango kabla askari hawajapanda magari. Vikao vya siri viwepo. Viwepo pia vya wazi, huku pwani, ambako mvuvi ataeleza nani alimsimamisha na alimfanya nini.