Makamu Aliyefutwa Mara Mbili

Cheo cha makamu wa rais wa Umoja wa Kisovieti hakikutimiza hata mwaka. Kilianzishwa Desemba 1990, na Mikhail Gorbachev akampendekeza Gennady Yanayev, ambaye wabunge walimkataa katika kura ya kwanza, kisha wakamkubali aliporudishwa kwao. Katiba ilimtaka atekeleze atakayotumwa na rais, na ashike nafasi ya rais asipoweza kazi. Kuhusu nani athibitishe kwamba rais kweli hawezi, haikuweka utaratibu. Tarehe 19 Agosti 1991, Gorbachev akiwa amezuiliwa Foros, Krimea, Yanayev alitangaza kwamba rais ni mgonjwa na yeye ndiye mshika madaraka. Siku ya tatu mapinduzi yalikuwa yameporomoka, na Septemba cheo kikafutwa.

Wapo watakaosema Yanayev alikuwa tarishi tu, na mpangaji hasa alikuwa Vladimir Kryuchkov, mkuu wa KGB. Sawa, lakini ndiyo hoja yangu: watu wenye vifaru na majasusi bado waliihitaji saini ya makamu ili uasi wao uvae joho la sheria. Mrithi aliyekwisha kuandaliwa huwarahisishia kazi wanaotaka kumng'oa rais. Urusi ililiona hilo tena mwaka 1993. Boris Yeltsin alipolivunja bunge tarehe 21 Septemba, bunge nalo likamtangaza makamu wake, Alexander Rutskoy, kuwa kaimu rais. Rutskoy hakuwa tarishi wa mtu. Alichaguliwa na wananchi pamoja na Yeltsin mwaka 1991. Nchi ikawa na watu wawili wanaodai urais, hadi vifaru vilipolipiga jengo la bunge tarehe 4 Oktoba.

Mbona Marekani ina makamu tangu 1789? Kwa sababu tangu 1967 katiba yake haimruhusu makamu kumtangaza rais hajiwezi akiwa peke yake: huhitaji pia wengi wa mawaziri, na rais akipinga, theluthi mbili ya kila baraza la bunge. Warusi hawakutaka kukirekebisha cheo. Katiba ya Desemba 1993 ilikiacha kabisa. Kaimu ni waziri mkuu, ambaye rais anaweza kumfukuza, na akikaimu hawezi kulivunja bunge wala kupendekeza mabadiliko ya katiba. Yeltsin alipojiuzulu tarehe 31 Desemba 1999, Vladimir Putin alikaimu kwa utaratibu huo, na uchaguzi ukafanyika tarehe 26 Machi 2000.