Mchezaji Huru Si Wakala: Istilahi za Mikataba ya Mwisho wa Mapumziko katika Besiboli

Mfasiri mmoja wa habari za michezo alituletea sentensi iliyokuwa ikimsumbua, akatuomba tuitazame. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Mawakala huru wawili wamesainiwa kwa kuchelewa katika msimu wa mbali." Habari aliyokuwa akiifasiri ilihusu besiboli ya kulipwa ya Marekani katika mwezi wa Machi 2024. Kisarufi sentensi hiyo haina kosa la kumfanya mtu aikatae. Hata hivyo, msomaji asiyeijua habari yenyewe ataelewa kwamba watu wawili wanaofanya kazi kwa niaba ya wengine, wenye tabia ya kuchelewa, wameandikwa majina mahali fulani wakati ulio mbali. Katika habari ya asili hamna hata jambo moja kati ya hayo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tujitaabishe kwa ajili ya mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuuona. Besiboli si ngeni kabisa kwetu. Timu ya watoto ya Lugazi, Uganda, ilicheza mashindano ya dunia ya vijana huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012, na habari za ligi za kulipwa hufika katika vyumba vya habari vya Kiswahili kila siku. Tena, maneno yanayohusika hapa ni maneno ya kazi, mshahara na mkataba, na anayeyakosea katika michezo atayakosea pia kwingine.

Tuanze na neno wakala, kwa kuwa ndilo lililozaa kosa kubwa zaidi. Katika Kiswahili wakala ni mtu atendaye jambo kwa niaba ya mwingine aliyempa mamlaka hayo: wakala wa bima, wakala wa meli, wakala wa kuuza mazao. Lazima nyuma yake awepo mtu anayewakilishwa. Neno la Kiingereza ambalo wengi wamezoea kulifasiri kwa wakala lina maana mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kuwakilisha. Ya pili, iliyo karibu zaidi na asili yake ya Kilatini, ni mtu atendaye kwa hiari yake mwenyewe, bila kutumwa. Mchezaji wa besiboli anaitwa kwa neno hilo kwa maana ya pili, na maana hiyo neno wakala halina.

Kosa hili lingevumilika kama katika habari hiyo kusingekuwapo wakala wa kweli. Bahati mbaya alikuwapo. Wachezaji wawili waliotajwa, Blake Snell na Jordan Montgomery, wote wawili walikuwa wakiwakilishwa na Scott Boras, ambaye ni wakala kwa kila maana ya neno hilo katika Kiswahili. Mfasiri wetu alipofika aya ya tatu akajikuta na wakala wa mawakala. Hapo ndipo alipotuandikia.

Tumependekeza mchezaji huru. Lakini istilahi haitoshi kwa kupendeza sikioni, hapana budi tujue mchezaji huyu yu huru kutokana na nini. Tangu mwaka 1879 wenye timu za Marekani walikubaliana kwamba kila timu iwe na haki ya kujiwekea wachezaji kadhaa ambao timu nyingine hazitawagusa. Mwanzoni walikuwa watano kwa kila timu, baadaye karibu wote. Haki hiyo iliingizwa katika mkataba wa kila mchezaji kwa kifungu kilichoiruhusu timu kuurefusha mkataba kwa mwaka mmoja zaidi hata kama mchezaji hakukubali. Wenye timu walidai kwamba mkataba uliorefushwa huzaa tena kifungu kilekile, na kwa hiyo haufi kamwe. Sisi tungekiita kifungu cha kuhodhi. Wapo waliopendekeza kifungu cha akiba, lakini akiba ni kitu mtu anachojiwekea kwa wema kwa ajili ya siku za shida, ilhali kuhodhi ni kujitwalia kitu ili wengine wasikipate. Neno la pili ndilo lisemalo ukweli wa jambo lenyewe.

Curt Flood, aliyekuwa amecheza misimu kumi na miwili na St. Louis Cardinals, aliambiwa mwezi Oktoba 1969 kwamba amebadilishwa na wachezaji wengine, na sasa ni mali ya Philadelphia. Alikataa kwenda, akafungua kesi, akashindwa katika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani mwaka 1972 kwa kura tano dhidi ya tatu. Kifungu kilivunjika kwa njia nyingine. Tarehe 23 Desemba 1975 Peter Seitz aliamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally, waliocheza mwaka huo bila kutia sahihi mkataba mpya, hawafungwi tena na timu zao, kwa kuwa mwaka mmoja maana yake ni mwaka mmoja tu. Makubaliano ya 1976 yakaweka kwamba mchezaji aliyetimiza miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, mkataba wake ukiisha, aweza kwenda atakako.

(Seitz alikuwa nani? Sheria zetu za kazi humwita mtu wa namna yake mwamuzi, na usuluhishi ni kazi nyingine. Lakini katika habari za michezo mwamuzi ni yule mwenye filimbi. Kwa hiyo twashauri iandikwe mwamuzi wa migogoro ya kazi, ijapokuwa ni ndefu, ili msomaji asidhani kwamba kifungu kilivunjwa uwanjani.)

Neno huru, basi, limelipiwa, na lina haki ya kubaki. Ndiyo maana hatukubali mchezaji asiye na timu wala mchezaji aliyeachwa, maneno tunayoyaona mara kwa mara magazetini. Ni kweli kwamba mchezaji aliyeachwa na timu yake huwa huru pia, lakini kuachwa ni njia moja tu ya kuufikia uhuru huo, na si ile iliyopiganiwa na kina Flood. Mtu aliyemaliza kibarua chake na sasa anachagua pa kwenda hajaachwa na yeyote.

Sasa tufike kwenye kuchelewa. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao waweza kumponza mfasiri. Kivumishi cha Kiingereza husema tu kwamba jambo limetukia baadaye kuliko ilivyotazamiwa, hakisemi kwa sababu ya nani. Kitenzi chetu hutulazimisha kuchagua. Amechelewa: kosa lamwelekea yeye. Amecheleweshwa: yupo aliyemzuia. Amejichelewesha: alifanya makusudi. Mfasiri anayeandika kwamba mchezaji amesaini kwa kuchelewa amekwisha kutoa hukumu, na pengine hakujua kwamba alikuwa ameketi katika kiti cha hakimu.

Tutazame mifano miwili. Katika majira ya baridi ya 1986 hadi 1987 Andre Dawson, mchezaji aliyejulikana sana, alikuwa huru lakini hakuna timu iliyomtaka kwa bei ya maana. Mwezi Machi 1987, kambi za mazoezi zikiwa zimekwisha kufunguliwa, aliipa Chicago Cubs mkataba ambao nafasi ya mshahara iliachwa tupu, akawaambia wajaze wenyewe. Wakajaza dola 500,000, ilhali msimu uliotangulia alilipwa zaidi ya milioni moja. Mwaka huohuo akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake, ingawa timu yake ilishika mkia katika kundi lake. Baadaye waamuzi wa migogoro walithibitisha kwamba wenye timu walikuwa wamekula njama ya kutogombania wachezaji huru, na mwaka 1990 walikubali kulipa dola milioni 280. Kumhusu Dawson twaweza kuandika amecheleweshwa bila kusita.

Mwaka 2024 mambo hayakuwa wazi hivyo. Snell alikuwa ametoka kushinda tuzo ya Cy Young ya 2023, itolewayo kwa mrushaji bora wa ligi. Montgomery alikuwa amesaidia Texas Rangers kutwaa ubingwa mwaka huo. Hata hivyo Snell alipata mkataba na San Francisco Giants katikati ya mwezi Machi, miaka miwili kwa dola milioni 62, na Montgomery akapata wake na Arizona Diamondbacks siku chache tu kabla ya timu nyingi kuanza msimu, mwaka mmoja kwa dola milioni 25. Wapo wasemao kwamba wakala alipandisha bei mno, na wapo wasemao kwamba wenye timu walikaa kimya wakingoja bei ishuke. Hakuna uamuzi uliotolewa. Mfasiri naye asitoe wake. Jambo lisilobishaniwa ni gharama ya kukosa mazoezi: Snell alianza vibaya sana, akaumia, kisha tarehe 2 Agosti akaonyesha ustadi wake kwa kurusha mchezo mzima dhidi ya Cincinnati bila mpinzani kupata mpigo hata mmoja.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuutaja wakati badala ya tendo: mkataba wa mwisho wa mapumziko. Fasili yake iwe hivi: mkataba ambao mchezaji huru anafunga na timu baada ya kambi za mazoezi za Florida na Arizona kufunguliwa, yaani kuanzia katikati ya Februari, kabla au hata baada ya msimu kuanza. Mjumbe mmoja alitaka tuiite mikataba ya lala salama, kwa kufuata watangazaji wa kandanda. Msemo huo ni mtamu na hatumkatazi mtangazaji kuutumia, ila katika maandishi rasmi una dosari: aliyebaki bila timu mwezi Machi hajalala, na usalama wake ni mdogo.

Kuhusu msimu wa mbali hatuna mengi ya kusema, kwani ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mapumziko pekee yana utata, maana kwa mpenzi wa kandanda mapumziko ni zile dakika kumi na tano za katikati ya mchezo. Tumechagua mapumziko ya kati ya misimu mara ya kwanza neno litokeapo, kisha mapumziko tu. Mzee mmoja wa pwani alitukumbusha neno maleleji, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi ambapo upepo haujaamua uende wapi na vyombo hungoja. Twakiri kwamba tulilitamani. Tumeliacha kwa mabaharia, kwa kuwa lina kazi yake bado.

Imebaki wamesainiwa. Mtu hutia sahihi karatasi, hatii sahihi mtu. Ubaya zaidi ni kwamba kauli ya kutendwa humfanya mchezaji awe kitu kinachotendewa, jambo ambalo ndilo hasa lililokomeshwa mwaka 1975. Kufunga mkataba na timu huonyesha pande mbili. Na usajili? Neno hili limekubalika katika kandanda yetu, na pale lafaa: chama cha mchezo huandikisha majina, dirisha hufunguliwa na kufungwa, na aliyekosa hungoja dirisha jingine. Besiboli ya Marekani haina dirisha la namna hiyo kwa mchezaji huru. Aweza kufunga mkataba Desemba, Machi au Juni. Kama dirisha lingekuwapo, mikataba tunayoijadili isingekuwapo, kwani kila mmoja angekimbilia tarehe ya mwisho.

Mwezi Juni tumeutaja kwa sababu. Tangu mwaka 2012 timu yaweza kumwahidi mchezaji wake anayeondoka mkataba wa mwaka mmoja kwa mshahara uliokadiriwa kutokana na wastani wa mishahara 125 ya juu kabisa. Akikataa na kwenda kwingine, timu inayompokea hupoteza zamu ya kuchagua wachezaji chipukizi, na timu ya zamani hupata fidia. Ndiyo kusema mchezaji huru anatembea na deni ambalo si lake. Dallas Keuchel na Craig Kimbrel walikataa ahadi za namna hiyo, dola milioni 17.9 kila mmoja, wakakaa bila timu mpaka uchaguzi wa chipukizi wa Juni 2019 ulipowadia na deni kufutika. Katika siku hizohizo Kimbrel akaenda Chicago Cubs na Keuchel Atlanta Braves. Ahadi hiyo tuiiteje? Kishika uchumba kilipendekezwa, tukacheka, kisha tukakijadili kwa muda mrefu kuliko tulivyokusudia. Tumekikataa kwa kuwa kishika uchumba kikipokewa ndipo kifungapo, ilhali ahadi hii huacha alama yake hasa inapokataliwa. Kwa sasa twapendekeza ahadi yenye fidia.

Sentensi ya mfasiri wetu basi isomeke hivi: "Wachezaji huru wawili wamefunga mikataba mwishoni mwa mapumziko ya kati ya misimu." Ameikubali, ila amelalamika kwamba haienei katika kichwa cha habari. Tulijaribu kufupisha tukapata "mkataba wa mwisho," tukaona kwamba msomaji atadhani wachezaji hao wanastaafu. Kwa vichwa vya habari, basi, twaridhia "Wawili huru wapata timu," na tarehe iliyo juu ya gazeti itaeleza mengine.