Je, Wajua? Baiskeli, Mkonge na Mto Pangani

Je, wajua kwamba Ufaransa ina njia ya baiskeli inayofuata mto Loire kwa takriban kilomita 900? Hupita kwenye majumba ya kifalme, mashamba ya mizabibu na vijiji vya kale, na sehemu yake kubwa haina magari au ina magari machache mno. Kipande kirefu cha bonde hilo kiliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na watu huvuka bahari kwenda kunyonga baiskeli pale. Tanga nayo ina mto, ina magofu, ina njia za changarawe zilizonyooka katikati ya mashamba, na ina watu waliojifunza baiskeli kabla hawajajua kusoma. Kilichopungua ni vibao vya kuonyesha njia.

Wajua kwa nini Tanga ina baiskeli nyingi hivyo? Angalia ardhi. Mji umekaa juu ya tambarare ya pwani. Waweza kutoka Raskazone, ukapita Chumbageni, ukaingia Ngamiani na barabara zake za namba, bila kutafuta gea hata mara moja. Mama anayekwenda sokoni, mwanafunzi, muuza samaki mwenye tenga kwenye keria, wote wanatosha barabara moja.

Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kutengeneza baiskeli zake? Zilitoka Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, NABICO, jijini Dar es Salaam, zikaitwa Swala. Wazee wanazikumbuka pamoja na Phoenix za Shanghai, zile nyeusi zenye stendi nzito ya nyuma.

Na wajua kwamba baiskeli ilishiriki katika Vita vya Tanga? Novemba 1914, meli za Waingereza zikiwa zimeleta maelfu ya askari kutoka India, kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck aliingia mjini usiku akiwa juu ya baiskeli ili ajionee mwenyewe. Alikuta mitaa mitupu. Akaendelea hadi bandarini, akaziona meli za adui zikiwaka taa. Siku iliyofuata mapigano yalipopamba moto, nyuki walioshtuliwa na risasi waliwashambulia askari, na hadi leo watu wa Tanga wakisimulia vita hivyo huanza na nyuki. Mimi ningeanza na baiskeli.

Je, wajua kwamba karibu mkonge wote uliolimwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni ulitokana na miche 62? Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000. Asili ya zao hilo ni Mexico, lakini Mexico ilikuwa ikililinda, kwa hiyo miche ilipatikana Florida, Marekani, ikasafirishwa kupitia Hamburg. Masimulizi ya pwani yanasema ilifichwa tumboni mwa mamba aliyekaushwa. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni hiyo 62, ikapandwa Kikogwe, upande wa kusini wa mto Pangani. Kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa ikizalisha tani zipatazo 230,000 kwa mwaka, na hakuna nchi iliyoishinda. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakaachiwa vichaka.

Hapa ndipo mwendesha baiskeli anapopaswa kutega sikio. Shamba la mkonge hugawanywa katika vitalu, na kati ya kitalu na kitalu hupita njia ya kutolea majani kwenda korona, mashine inayochakata jani na kutoa singa. Majani ni mazito, na katika kila kilo 100 zinazoingia korona, singa inayotoka ni kama kilo 4 tu. Mzigo mkubwa namna hiyo hauwezi kupita kwenye kijia cha miguu. Kwa hiyo njia zilinyooshwa, zikawekwa changarawe, na penye mabonde yakajengwa makalvati. Katika mashamba mengi zilitandikwa hata reli nyembamba za vitoroli, ambazo baadaye zilipisha matrekta. Kilichobaki ni mtandao wa barabara za changarawe unaotoka pwani ya Pangani, ukapita Muheza, hadi Korogwe, ambako unaweza kunyonga asubuhi nzima ukakutana na trekta moja.

Lakini tusizipite njia hizo kwa wepesi. Waliozilima na kuzikanyaga ni manamba, vibarua wa mkataba walioletwa kutoka Songea, Kigoma na hata Burundi, wakaishi kambini mbali na kwao, na wengi hawakurudi. Wajukuu wao ndio utakaowaamkia njiani. Na mashamba yana wenyewe: omba ruhusa ofisini kabla hujaingia, kisha epuka majani yaliyokatwa, maana ncha ya jani la mkonge ni mwiba mgumu na tyubu haiuwezi.

Wajua kwamba ukitoka Tanga kwenda Pangani unapita nyumbani kwa mshairi na mwandishi wa Kiswahili Shaaban Robert? Alizaliwa Vibambani tarehe 1 Januari 1909, akafanya kazi ya forodha, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake, akafariki mwaka 1962. Kaburi lake lipo Machui, kando ya njia hiyohiyo. Kwa mtu anayeipenda lugha hii, Machui peke yake inatosha kuwa sababu ya kutoa baiskeli ndani.

Mbele kidogo, yapata kilomita 20 kutoka Tanga, ni Tongoni. Je, wajua kwamba pale yapo makaburi ya kale zaidi ya 40 pamoja na gofu la msikiti, mabaki ya mji wa Waswahili uliostawi karne za 14 na 15? Baadhi ya makaburi yana nguzo, na kwenye nguzo utaona vishimo vya duara: humo zilipachikwa bakuli za kauri zilizoletwa na biashara ya bahari. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka. Aprili 1498 jahazi moja la Vasco da Gama lilikwama kwenye mafungu ya eneo hili likielekea Mombasa. Januari 1499, akirudi kutoka India na mabaharia wengi wakiwa wamekufa kwa kiseyeye, alilichoma moto jahazi hilohilo, São Rafael, papo hapo, kwa kuwa hakubaki na watu wa kuliendesha. Da Gama anasomwa katika shule za dunia nzima. Tongoni, iliyokuwapo kabla yake, inastahili angalau kibao cha heshima na mtu wa kuzishikiza nguzo zilizosalia.

Je, wajua kwamba bahari unayoiona mkono wa kushoto ukifika Kigombe ni makazi ya silikanti? Wanasayansi waliamini samaki huyo alitoweka zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga walianza kumnasa mara kwa mara kuanzia 2003, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Na mto wenyewe? Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru. Mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha maji hushuka kupitia Korogwe na Hale, yakizungusha mitambo ya umeme, hadi kwenye minazi ya Pangani mjini. Njiani kila mtu huchota: mashamba ya mpunga, ya miwa, ya maua, miji, mabwawa. Kwa hiyo kinachofika baharini ni kidogo kuliko zamani, na maji ya chumvi hupanda mtoni yakaharibu mashamba ya wakulima wa mwishoni. Ukisimama na baiskeli yako kwenye ukingo wa Pangani ukaona minazi iliyokauka, ujue kisa chake kinaanzia mamia ya kilomita huko juu.

Wajua kwamba mwaka 1888, mwaka ambao John Boyd Dunlop alisajili hataza ya tairi la upepo alilolibuni kule Belfast kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, ndio mwaka ambao watu wa Pangani waliinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani? Emil von Zelewski, mwakilishi wa kampuni hiyo, alifika akitaka bendera ya kampuni ipandishwe na amri yake itiiwe. Pwani ikawaka. Abushiri bin Salim aliongoza mapambano kwa zaidi ya mwaka mmoja, akakamatwa, akauawa hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye aliangushwa na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo mwaka 1891.

Je, wajua kwamba barabara ya Tanga hadi Pangani, yapata kilomita 50, iliyokuwa ya vumbi miaka yote, imo katika mradi wa lami wa kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo, pamoja na daraja la mita 525 kuvuka mto kwenda Bweni, kulikozoeleka kivuko? Ni jambo jema. Mgonjwa wa Mkwaja, ng'ambo ya mto, hapaswi kusubiri kivuko. Lakini lami huleta mwendo kasi, na mwenye baiskeli ndiye wa kwanza kusukumwa pembeni. Ndiyo maana nasema sasa, mapema: njia za zamani za vijijini na za mashambani zihesabiwe, zichorwe kwenye ramani, ziwekewe vibao, ziachiwe baiskeli na waenda kwa miguu. Zimekwisha kuchongwa. Halmashauri haihitaji greda, inahitaji rangi, mbao na makubaliano na wenye mashamba.

Wajua kwamba milima ya Usambara Mashariki iliwahi kuwa na reli yake ndogo? Kutoka Tengeni kwenda Sigi, yapata kilomita 23, Wajerumani walitandika reli ya upana wa sentimita 75 ili kushusha magogo ya msitu wa Amani. Iling'olewa zamani. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi ingalipo, imekarabatiwa, na sasa hupokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Mto Zigi unaopita hapo ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalonywesha jiji la Tanga.

Je, wajua kwamba mashindano ya baiskeli kwenye changarawe yana bingwa wa dunia tangu 2022? Afrika Mashariki imo. Mwaka 2021 zilianza mbio za Migration Gravel Race huko Maasai Mara, Kenya, na Mkenya Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani, alikuwa mmoja wa waliosaidia kuzianzisha. Alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kupokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani.

Vidokezo vifupi vya safari. Upepo wa tairi: punguza kidogo kwenye changarawe, tairi pana likalalie mawe badala ya kurukaruka. Vijituta vinavyofuatana barabarani: vimechongwa na magurudumu ya magari yanayorukaruka kwa kasi, hivyo shika ukingo, huwa laini zaidi. Pancha: beba viraka, solusheni na pampu, maana fundi yupo kijijini lakini vijiji vimeachana. Kusini ya Mkwaja kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani yenye simba na tembo, na huko baiskeli si usafiri wa kujiendea.

Na pepo. Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, basi anzia Tanga, upepo ukusukume kwenda Pangani. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, acha kabisa, udongo mwekundu hujaa kwenye madigadi hadi gurudumu ligome. Kuanzia Juni huvuma kusi na njia zimekauka: panda basi na baiskeli juu ya keria, shuka Pangani, unyonge kurudi Tanga.